Imeharibika au Imeharibiwa? Nahau za Kiingereza za Maangamizi katika Habari za Kiswahili

Tarehe 5 Julai 2024, siku moja baada ya uchaguzi mkuu wa Uingereza, Waziri mpya wa Afya, Wes Streeting, alitangaza kwamba kuanzia siku hiyo msimamo wa wizara yake ni kuwa Huduma ya Taifa ya Afya, NHS, "is broken". Ni maneno mawili tu, na kwa Mwingereza hayahitaji ufafanuzi. Mfasiri wa habari wa Kiswahili, anayesubiriwa na mhariri wake, anayakuta magumu kuliko yanavyoonekana.

Akiandika "imevunjika", msomaji atajiuliza imevunjika vipi. Kwetu huvunjika kikombe, mguu, ndoa na mkutano. Ikiwa ni taasisi, maana inayotangulia akilini ni kwamba imekoma kuwapo, kama bunge linapovunjwa ili uchaguzi ufanyike. NHS haikukoma kuwapo. Hospitali zake zilikuwa wazi siku ile, na foleni zake ndizo zilizokuwa zikilalamikiwa. Kosa huzidi uzito neno hilohilo likiambatanishwa na nchi. "Broken Britain", kaulimbiu ambayo magazeti na wanasiasa wa huko wameitumia kwa miaka mingi, ikifasiriwa "Uingereza iliyovunjika" yaweza kumfanya msomaji adhani kwamba Scotland imekwisha kujitenga.

Septemba ya mwaka huohuo, Lord Darzi, daktari mpasuaji aliyepewa kazi ya kuichunguza NHS, alieleza katika ripoti yake kwamba huduma hiyo iko katika "critical condition". Hapa mfasiri anaweza kupumua. "Hali mahututi" ni tafsiri sahihi, tena imebeba jambo ambalo Darzi mwenyewe alilisisitiza: mahututi hajafa, na tiba ingalipo. Kiswahili kimezoea kuzitazama taasisi kama miili. Uchumi hudhoofika, chama huwa hoi, kiwanda hufa na baada ya miaka kikatafutiwa mtu wa kukifufua.

Hata hivyo, mwili nao una mitego yake. Nahau "on its knees" humaanisha kwamba jambo limeishiwa nguvu na liko karibu kuanguka. "Sekta ya sukari imepiga magoti" haisemi hivyo. Anayepiga magoti kwa Kiswahili anaomba, anaabudu au anasalimu amri. Msomaji ataelewa kwamba sekta hiyo inamsihi mtu fulani, na atasoma aya zote akimtafuta huyo anayesihiwa.

Kundi kubwa zaidi la nahau hizi limejengwa juu ya kitenzi "go". Nchi huenda kwa mbwa, "go to the dogs". Nyumba na mashamba huishia kwenye "rack and ruin", ambapo neno la kwanza ni lahaja ya lile la kale lenye maana ya kuangamia, nasaba moja na neno la kuvunjika kwa jahazi. Mtu aliyeacha kujitunza huenda "to pot". Asili ya picha hii ni nyama iliyokatwakatwa tayari kwa chungu. Biashara iliyofilisika huenda ukutani.

"Go to seed" inastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa picha yenyewe tunaijua vizuri. Kila mwenye bustani ya mchicha ameona unavyokuwa usipovunwa kwa wakati: shina hukomaa, maua hutoka, na majani yaliyobaki hayana ladha. Mwingereza akimwambia mtu ameingia mbegu, anafikiria bustani hiyohiyo. Lakini neno "mbegu" katika Kiswahili huelekea mbele, kwenye msimu ujao. Mbegu ya amani, mbegu bora, kupanda mbegu ya elimu: popote ilipo kuna matumaini, na hata tunaposema mbegu ya chuki tunafikiria kitakachoota, si kilichokwisha. "Amegeuka mbegu" haliwezi kuwa tusi. Afadhali kusema amechakaa, au amejiachia.

"Go south", inayopendwa na waandishi wa habari za hisa, hutokana na desturi ya ramani kuiweka kusini upande wa chini. Mwandishi anayeandika kwamba bei "zimeelekea kusini" akumbuke kuwa wasomaji wake wa Lindi na Mtwara wako kusini, na hawajashuka popote.

Kiswahili hakina upungufu wa picha zake. Chombo kilichoyumba baharini huenda mrama. Tiara iliyokatika uzi huenda arijojo. Mambo yaliyokuwa yakienda vyema huingia nyongo, na aliyewahi kuchinja mbuzi anajua nyongo ikipasuka huifanya nini nyama. Ila nahau hizi hazibadilishani nafasi. Chombo kinachokwenda mrama bado kinaweza kurudishwa sawa na nahodha. Tiara iliyokwenda arijojo haimrudii mwenyewe. Mradi uliocheleweshwa miezi mitatu umekwenda mrama tu, na anayeandika kwamba umekwenda arijojo amekwisha kuuzika.

Liko jambo zito zaidi ya picha, nalo ni sarufi. Katika nahau zote zile za "go", kinachoharibika ndicho kinachokwenda. Nchi yenyewe ndiyo inayowaendea mbwa, hakuna aliyeipeleka. "Is broken" nayo ina mlango wa siri, kwa sababu umbo hilo laweza kuwa hali tu, na laweza kuwa tendo ambalo mtendaji wake hakutajwa. Chama cha Streeting kilikuwa kikiwalaumu Wahafidhina waliotawala miaka 14, hivyo aliyetaka kusikia lawama alizisikia, na asiyetaka alisikia maelezo ya hali.

Kiswahili hakina mlango huo. Kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa zimetengana kwa kiambishi: imeharibika, imeharibiwa, amefilisika, amefilisiwa. Ya kwanza haimkubali mtendaji, ndiyo maana hatusemi kikombe kimevunjika na Juma. Ya pili, hata mtendaji asipotajwa, inadokeza kwamba yupo. Mfasiri wa Streeting analazimika kuchagua upande ambao waziri mwenyewe hakulazimika kuuchagua. Pale ambapo asili imefumba, naona kutendeka ndiko salama: "NHS imeharibika", au "haifanyi kazi inavyopasa", kisha lawama zitajwe katika sentensi yake, pamoja na jina la anayelaumu.

Kipo kisa cha mfumbo uliofumbuka. Baada ya ghasia za Toxteth, Liverpool, Julai 1981, Waziri wa Fedha Geoffrey Howe alimwandikia Margaret Thatcher akitahadharisha kuhusu kumwaga fedha katika mji ule, na akataja uwezekano wa "managed decline". Nyaraka hizo zilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2011, maneno hayo mawili ndiyo yaliyowauma watu. "Decline" peke yake ni kama maji kupwa. Ikiongezwa "managed", kupwa huko kunapata msimamizi mwenye ofisi. "Kudidimia kunakosimamiwa" ni Kiswahili sahihi kisichoeleweka. "Kudidimizwa kwa mpango" kunamshtaki Howe zaidi ya maneno yake. Mimi ningeandika "kuuacha mji udidimie kwa mpango": yupo anayeuacha, na upo mji unaodidimia, kila mmoja na kitenzi chake.

Uchaguzi huu unatuhusu hata pasipo tafsiri ya habari za ng'ambo. Septemba 2019 benki ya KCB iliweka msimamizi wake katika Kampuni ya Sukari ya Mumias kwa sababu ya madeni. Kampuni hiyo iliwahi kuwa kubwa kuliko zote za sukari nchini Kenya. Tangu hapo ni rahisi kuandika kwamba Mumias "iliporomoka", kwa mkumbo wa "collapsed" ya Kiingereza. Ukuta huporomoka kwa mvua, na hakuna anayeishtaki mvua. Kwa upande wa pili, "iliporomoshwa" ni tuhuma, na mwandishi asiye na ushahidi wa kuusimamia mahakamani hana haki ya kuitumia. Mkulima wa miwa wa Kakamega hasaidiwi na neno la kwanza, wala mhariri hawezi kulipitisha la pili. Hapo ningeiweka nahau kando na kuandika yaliyotokea: kampuni ilishindwa kulipa madeni yake, na wakulima walioipelekea miwa walibaki wakiidai.