KUKATA TAMAA SI UTOVU WA NIDHAMU

KATIKA shule nyingi za sekondari za Temeke na Kinondoni yupo mwanafunzi anayefahamika kwa walimu wote. Huchelewa kufika, husinzia darasani, hakamilishi kazi zake, na akiulizwa swali huinamisha kichwa huku wenzake wakimcheka. Katika daftari la adhabu jina lake limeandikwa mara nyingi. Katika daftari la ushauri nasaha, iwapo shule inalo, jina hilo halimo. Tofauti ya madaftari hayo mawili yaeleza sehemu kubwa ya tatizo linalowakabili vijana wa leo.

Wapo watu wazima, na miongoni mwao watumishi wa umma wenye elimu nzuri, wanaoamini kwamba msongo wa mawazo na sonona ni maradhi ya watoto wa matajiri wa Ulaya na Marekani, na kwamba mtoto wa Mbagala au Tandale hana nafasi ya kuugua ugonjwa wa namna hiyo. Imani hiyo haina msingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Hapana sababu ya kudhani kwamba Dar es Salaam imesamehewa.

Yafaa kwanza kuyatazama maisha yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,346,674 katika Temeke na 982,328 katika Kinondoni, na hiyo ni baada ya Kigamboni na Ubungo kumegwa kuwa wilaya zao. Mzazi anayeishi Chamazi, Bunju au Mabwepande huondoka alfajiri kwenda kutafuta riziki mjini, na hurejea watoto wamekwisha kulala. Mwanafunzi naye hupambana na makondakta wasiotaka nauli ya mwanafunzi, hufika shuleni amechoka, na jioni hurudi katika chumba cha kupanga ambamo hana pa kusomea wala mtu wa kuzungumza naye.

Zamani kijana wa pwani hakuachwa peke yake katika umri huo. Msichana alikuwa na somo au kungwi wake, na mvulana alipitia jando. Si yote yaliyofundishwa humo yafaayo kurejeshwa leo, lakini jambo moja lilikuwa la busara kubwa: kijana alikuwa na mtu mzima, asiye baba wala mama, ambaye kazi yake ilikuwa kumsikiliza na kumwelekeza. Mjini mtu huyo ametoweka, na nafasi yake haijajazwa. Jamii imeikabidhi shule kazi hiyo bila kuiuliza kama inaiweza.

Shule yenyewe imebeba mzigo mkubwa. Shule za kata zilizojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, na elimu bila malipo iliyoanza Januari 2016, zimewafungulia milango watoto wa wakulima na wafanyakazi ambao zamani wangeishia darasa la saba. Hayo ni mafanikio makubwa, na asiyeyatambua hana haki ya kuikosoa shule. Hata hivyo kufungua mlango ni jambo moja, na kumjua aliyeingia ni jambo jingine. Katika darasa lililofurika, mwalimu hawezi kujua ni nani hajala tangu jana, ni nani ananyang'anywa nauli yake na wakubwa nyuma ya vyoo, na ni nani amepachikwa jina la kumdhihaki kwa sababu ya umbo lake, viatu vyake au kazi ya mama yake.

Uonevu huo hupata nguvu zaidi kidato cha kwanza. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili hujikuta akifundishwa kila somo, isipokuwa machache, kwa Kiingereza. Aliyekuwa akiuliza maswali huwa bubu, na akijaribu kusema huchekwa. Siku hizi kicheko hicho hakiishi kengele ya mwisho inapolia, kwa kuwa simu hukifuata hadi kitandani. Picha moja ya kumfedhehesha msichana yaweza kuenea Mbagala nzima kabla hajafika nyumbani.

Juu ya yote hayo upo mtihani. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yalipotangazwa Februari 2013 na kabla hayajapangwa upya, yaliwapa takriban asilimia 60 ya watahiniwa daraja la sifuri. Vijana kwa maelfu waliambiwa kwa siku moja kwamba hawana thamani. Mwalimu Nyerere alikwisha kuonya katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, dhidi ya shule inayomwandaa kila mtoto kwa ajili ya hatua ambayo wachache tu wataifikia. Baraza la Mitihani lilifanya vyema Januari 2023 lilipoacha kutangaza orodha ya shule bora na watahiniwa bora. Lakini katika mabaraza ya mitaani na hata katika vyumba vya walimu, orodha hizo zingali zikisomwa kila mwaka, na aliyefeli hutajwa kwa jina.

Je, shule humjibuje kijana aliyelemewa na hayo? Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa maagizo mawili. Moja lilihusu viboko: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe. La pili lilihusu utoaji wa ushauri nasaha shuleni. Kila mtumishi wa elimu ajiulize kwa dhati ni lipi kati ya maagizo hayo lililotia mizizi. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, na kuchapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walikuwa wamepigwa ngumi, mateke au mijeledi kabla ya kutimiza miaka 18, na zaidi ya nusu walitendewa hivyo na mwalimu. Viboko vilivuka hata mipaka vilivyowekewa, ilhali ushauri nasaha ulibaki cheo kisicho na muda wala chumba. Pengine mwalimu aliyepewa cheo hicho ndiye pia mwalimu wa nidhamu. Mtoto gani atakwenda kumweleza siri yake mtu anayemwogopa?

Wanaotetea fimbo husema samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya kweli, lakini anayekunja hufanya hivyo kwa mkono unaopima, wala havunji. Kumchapa mtoto kwa sababu amenyamaza ni kumfundisha kunyamaza zaidi.

Walimu nao wana hoja ya haki. Mwenye vipindi vingi na rundo la madaftari ya kusahihisha hawezi kuongezewa kazi ya kutibu mioyo kwa amri ya karatasi. Kwa hiyo wakurugenzi wa manispaa na maofisa elimu hawana budi kuchukua hatua ambazo hazisubiri fedha za kigeni. Mwalimu wa ushauri nasaha apunguziwe vipindi. Achaguliwe kwa kuaminiwa na wanafunzi, si kwa ukubwa wa cheo, na asiwe mwenye dhamana ya adhabu. Apewe chumba chenye mlango unaofungwa. Ofisa ustawi wa jamii awe na siku maalumu ya kufika kila shule ya eneo lake. Hospitali za Temeke na Mwananyamala zijulikane kwa kila mkuu wa shule kuwa mahali pa kumpeleka kijana mapema, kabla hali yake haijawa ya kukimbizwa Muhimbili. Na namba 116, simu ya mtoto inayopigwa bila malipo, ibandikwe katika kila darasa.

Lipo pia suala la sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Matokeo yake familia huficha, mwalimu huogopa kuuliza, na kijana hukosa tiba. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Waheshimiwa Wabunge wana wajibu wa kulitazama jambo hili kwa utulivu. Kijana aliyefikia ukingo huo ni mgonjwa anayehitaji daktari, si mshitakiwa anayehitaji hakimu.

Dar es Salaam imekwisha kuonja gharama ya kuwapuuza vijana. Makundi yaliyoitwa Panya Road yaliutia mji hofu Januari 2015, na yakarejea kuua na kupora mwaka 2022. Polisi walifanya kazi yao, na hapana anayetetea uhalifu. Wala si kila kijana aliyekata tamaa huwa mhalifu. Walio wengi huumia kimya kimya bila kumdhuru yeyote. Lakini genge humpa kijana jina, wenzake na mtu wa kumsikiliza. Shule na mtaa visipompa vitu hivyo, wapo watakaompa.

Wajibu huu ni wa watu wazima. Mwalimu atakayeingia darasani kesho, kabla hajanyoosha mkono kuchukua fimbo, na amwulize mwanafunzi yule anayeinamisha kichwa swali moja: una nini, mwanangu? Kisha asubiri jibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu uko ndani ya watoto ambao Taifa limewajengea madarasa kwa jasho lake.