Kijana Anapojifunza Kuuguza Ugenini

Wengi hudhani safari za kubadilishana wanafunzi ni za vyuo vikuu tu. Ulaya sivyo. Kwa mpango wa Leonardo da Vinci ulioanza 1995, na tangu 2014 kwa Erasmus+, wanafunzi wa ufundi nao huvuka mipaka. Kijana wa Ufini anayesomea kazi ya lähihoitaja, yaani kazi ya kuwaogesha, kuwalisha na kuwatunza wazee na wagonjwa, aweza kufanya mazoezi nchi nyingine kwa siku 10, au hata mwaka.

Kabla hajaondoka, chuo, mwenyeji na mwanafunzi hutia saini mapatano yanayotaja atakachojifunza. Karatasi hiyo sisi wauguzi twaipenda. Bila hiyo, mgeni hugeuka kibarua wa kufua mashuka, au mtalii mwenye aproni!

Lakini lugha je? Kumgeuza mzee kitandani ni kulekule popote. Kumwuliza anaumwa wapi, na kulielewa jibu, ni jambo jingine. Twashauri mwanafunzi ajifunze kwanza maneno ya kitandani: maji, choo, maumivu, pole, naomba ruhusa. Koti la baridi litanunuliwa baadaye. Na huko wodini, asiachwe peke yake na dawa.