Redio Iliyozama Isitupwe

Sisi watu wa pwani tumezoea kuona kwamba mambo ya maji tumezaliwa nayo, na mtu wa bara hana la kutufunza katika jambo hilo. Nami nilikuwa na kiburi hicho hicho mpaka nilipofika Port Victoria, mji mdogo wa wavuvi huko Bunyala, kaunti ya Busia, karibu na pale Mto Nzoia unapoingia katika ziwa. Nilikuwa nimekwenda Kisumu arusini, nikasema nisirudi bila ya kuliona ziwa mbali na mabaraza ya hoteli. Huko fundi mmoja wa redio alinionyesha jinsi mimi na marehemu baba yangu tulivyoiua redio yetu kwa mikono yetu wenyewe, kisha tukaisingizia bahari.

Redio yenyewe ilikuwa ya mawe manne, yenye mkoba wa ngozi. Ndiyo iliyotupa habari za kuandama mwezi wa Ramadhani, na ndiyo iliyotuletea matangazo ya vifo kutoka Sauti ya Kenya, ambayo nyumba nzima ilinyamaza kuyasikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ngalawa ilitupindukia karibu na ufuko, redio ikaingia majini. Haikukaa humo hata dakika tano. Tuliikung'uta, tukaifuta kwa kikoi, na papo hapo baba akaiwasha aone kama i hai. Ikakoroma kidogo, ikanyamaza. Basi tukaianika juu ya makuti katika jua la adhuhuri hata ganda lake likapinda, na jioni tukaiwasha tena. Mawe yake hayakutoka ndani kwa siku tatu.

"Mzee," fundi akaniambia nilipokwisha kumsimulia, "redio yenu haikufa kwa maji. Mliiua nyinyi."

Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia maji peke yake hayana haraka. Lakini yakikutana na umeme wa mawe, ule mdogo tu wa redio, shaba nyembamba iliyotandazwa juu ya bodi huanza kuliwa, na maji ya chumvi huifanya kazi hiyo mbio zaidi kuliko maji baridi ya ziwa. Utaona ukijani kwanza, kisha njia za umeme zimekatika. Kwa hiyo la mwanzo ni kutoa mawe, na mtu asijaribu kuiwasha hata kwa kuonja. Ikiwa ni chombo cha umeme wa nyumbani basi azime swichi kuu kwanza, maana aliyesimama ndani ya maji hana ruhusa ya kugusa plagi.

La pili lilinishangaza. Redio iliyozama huoshwa tena kwa maji! Huifungua, huiondoa spika kwa kuwa ndani yake mna karatasi, kisha bodi huioga kwa maji safi ya mvua na kuisugua polepole kwa mswaki, mpaka tope limalizike. Iliyotoka baharini ndiyo ihitajiyo zaidi kuoshwa hivyo, kwani chumvi ikibaki huvuta unyevu wa hewa kila siku, na redio hailali kavu hata ukiiweka mwaka. Baadaye huipitishia spiriti ili ifukuze maji yaliyojificha chini ya vyombo vidogo, na huiweka kivulini penye upepo siku kadhaa. Penye transfoma husubiri wiki nzima. Jua kali hapana, jiko la makaa hapana. Na wale wanaozika simu zao katika mchele, wajue kwamba kampuni ya Apple yenyewe iliwakataza wateja wake mwaka 2024, kwa sababu chembe za mchele huweza kuingia ndani na kuharibu. Mchele na upikwe pilau.

Nilicheka kwa siri, kwani hayo ya kivuli nilikuwa nayajua tangu chuoni. Ubao tuliouosha wino tuliuegemeza ukutani kivulini, na aliyeuanika juani ukapasuka alikula bakora za maalimu. Nilijua la ubao, nisijue la redio.

Sasa nije kwenye neno langu. Bunyala ni nchi tambarare. Nzoia huteremka kutoka milima ya Cherangani na Mlima Elgon ikibeba udongo mwingi, na watu wamejengewa kuta za udongo kuuzuia mto usiwaingilie. Kuta hizo zimebomoka si mara moja. Mwaka 2020 balaa ilitoka pande mbili: mto ulivunja kingo zake, na ziwa lenyewe likapanda hata mwezi wa Mei likapita kiwango cha 1964, ambacho wazee wa huko walikuwa wakikitaja kama sisi tunavyotaja tufani za zamani. Watu wakahamia mahemani.

Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilikuwa imeanzisha huko stesheni ndogo, Bulala FM, iwatangazie wenyeji habari za mvua na za mto kwa lugha wanayoifahamu. Kwale pia ilianzishwa ya namna hiyo. Ni jambo la busara sana. Lakini stesheni itamfaa nini mtu ambaye redio yake imelala matopeni? Mafuriko ya kwanza humnyang'anya sikio, na ya pili humkuta hana habari. Katika misiba hii nimeona hugawanywa unga, maharagwe, mablanketi na dawa ya maji, na hayo ni haki. Fundi sijamwona. Gharama yake ni meza moja, bisibisi, lehemu, miswaki na galoni ya spiriti. Akikaa kando ya mahema wiki mbili, masikio mangapi yatarudi!

Najua nitaambiwa kwamba siku hizi kila mtu ana simu, na kwamba redio mpya ya Kichina hununuliwa kwa bei ya kilo chache za nyama. Simu nayo huzama, na umeme wa kuichaji hukatika siku ile ile mto unapovunja ukuta. Ama hiyo bei ya kilo chache za nyama, aliyepoteza shamba, mbuzi na nyavu usiku mmoja hiyo nyama yenyewe haioni. Tena ile iliyotupwa haiendi popote. Mawe yake huozea katika maji yale yale ambamo watoto huteka na wavuvi hutoa omena. Dini imetukataza israfu, nasi twaikumbuka katika sahani tu.

Fundi mwenyewe hakunidanganya kwamba huokoa kila kitu. Betri ya simu au ya taa ya sola iliyovimba haigusi, kwani huweza kuwaka moto. Televisheni za kizamani zenye tumbo huwaambia wenyewe wasizifungue, kwa kuwa umeme hubaki umejificha ndani hata baada ya kuchomolewa. Pia mteja aliyekwisha kuiwasha mara tatu humpokea kwa uso mgumu.

Haya si ya Bunyala peke yake. Mwezi wa Novemba 2023 maji yaliingia majumbani Mombasa na Kwale, na Tana River ikawa kama bahari. Kaunti zetu zina vyuo vya ufundi vyenye vijana wanaojua lehemu. Waandikwe majina leo, kabla ya masika, wasitafutwe siku ya mahema.

Nilipokuwa naaga, fundi aliniuliza kama ganda la redio ya baba lingaliko. Nikampigia simu dada yangu aliyebaki katika nyumba ya zamani. Akainama uvunguni, akarudi akaniambia ipo, mkoba umeliwa na mende, na ndani mna unga mweupe na kijani. Fundi akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bodi imekwisha," akasema. "Lakini spika niletee niitazame."