Anayekupa Dawa Naye Huchoka

Ndugu msomaji, ni nani kati yetu asiyepata kusimama mbele ya dirisha la dawa, karatasi mkononi na homa mwilini, akaambiwa "nne kutwa mara mbili" na kijana asiyeinua hata uso? Pakiti husukumwa, jina la mwingine huitwa, nasi tukaondoka tukinung'unika kwamba vijana wa siku hizi hawana utu. Leo natutazame upande wa pili wa dirisha hilo, kwani mara nyingi aliyeko huko ni mwanafunzi wa famasi aliye mafunzoni, naye ni mtoto wa mmoja wetu.

"Nne kutwa mara mbili" si uongo. Lakini dawa mseto ya malaria, kwa mtu mzima, ni vidonge 24 vinavyomezwa vinne vinne kwa muda wa siku 3, na dozi ya pili humezwa baada ya kupita saa 8 tangu ile ya kwanza, hata ikibidi mtu aamshwe usiku. Tena yafaa imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, ndipo mwili uipokee vyema. Kuyaeleza hayo hakuchukui dakika mbili. Yasipoelezwa, mgonjwa hurudi nyumbani na dawa njema asiyojua kuitumia. Kwa hiyo ubaridi wa dirishani si jambo la adabu tu. Ni jambo la uzima.

Basi ubaridi huo hutoka wapi? Shahada ya famasi hapa kwetu, kwa mfano pale Muhimbili, huchukua miaka 4, na baada yake kuna mwaka mmoja wa mafunzo ya kazini chini ya usimamizi. Katika muda huo kijana hana budi kuhifadhi majina ya dawa, vipimo vyake, madhara yake, na zipi zisikutane katika mwili wa mtu mmoja. Nukta ikikosewa mahali katika hesabu, dozi huwa mara kumi. Hofu hiyo hulala naye kitanda kimoja. Kisha hupelekwa wodini na dirishani, mahali penye foleni isiyokwisha, na wakati mwingine dawa iliyoandikwa haipo rafuni. Yeye ndiye wa kumwambia mama wa watu akanunue nje.

Mwaka 1974 daktari wa nafsi Herbert Freudenberger, aliyekuwa akihudumu katika zahanati ya bure mjini New York, aliandika juu ya uchovu wa namna hii aliouona kwa wenzake na kwake mwenyewe. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo chake, chenye kutazama mambo matatu: moyo kuishiwa nguvu, watu kuanza kuonekana kama vitu, na mtu kujiona hafanyi lolote la maana. Hilo la pili ndilo tunalokutana nalo dirishani. Mgonjwa hana jina tena. Amekuwa "kitanda namba sita".

Huko Philadelphia, Mohammadreza Hojat na wenzake waliwafuatilia wanafunzi wa udaktari tangu mwanzo wa masomo, na mwaka 2009 wakaeleza kwamba uwezo wao wa kuelewa hali ya mgonjwa ulishuka katika mwaka wa tatu. Hebu fikiri: huo ndio mwaka wanaoingia wodini! Hao walikuwa madaktari watarajiwa, si wafamasia, lakini wodi ni ile ile.

Wapo wazee wa kazi wasemao kwamba moyo mgumu ni ngao, na kwamba anayelia na kila mgonjwa hatamaliza mwezi. Mimi nakubali nusu tu ya maneno hayo. Kulia na mgonjwa ni jambo moja, na kuelewa alivyo ni jambo jingine. Hojat mwenyewe ametenga mambo haya mawili. Mfamasia hahitaji kutoa machozi ili atambue kwamba bibi aliye mbele yake haoni maandishi ya pakiti.

Na sisi wa nyumbani je? Kijana ajapo likizo, kabla hajavua viatu, shangazi ameshamletea mfuko wa vidonge vya miaka mitatu avikague. Baba naye huuliza alama. Hakuna amwulizaye kama analala. Akisema "mimi sifai kwa kazi hii", tunamkumbusha fedha zilizotumika, na hapo hunyamaza, tukadhani ameelewa. Afadhali angeachwa aseme, na ikibidi arudi kwa mwalimu wake akamweleze mapema, kuliko kusubiri mtihani umweleze.

Vyuo navyo vina la kufanya. Katika baadhi ya vyuo vya famasi vya Marekani, wanafunzi hupewa peremende badala ya dawa, na kuamriwa wazile kwa saa maalumu, siku baada ya siku, kama wagonjwa wa maradhi ya kudumu. Ni vijana wenye afya, wasomi wa dawa, wenye saa mkononi. Hata hivyo wengi hurudi wakiwa wamesahau dozi kadhaa.