Kumbukumbu za Baraza Ziandikwe kwa Kiswahili

Mpango wa Nyumba Kumi, uliozinduliwa nchini Kenya mwaka wa 2013 na ambao chimbuko lake ni Tanzania ya enzi za TANU, huwakutanisha majirani wajadili usalama wao. Mtaani ninamoishi, wazee kwa vijana hueleza kwa Kiswahili habari za taa zilizozimika na kichochoro wanamovizia wezi. Ajabu ni kwamba kumbukumbu za kikao huandikwa kwa Kiingereza! Mama mboga aliyekitaja kichochoro hicho atajuaje iwapo neno lake lilinakiliwa? Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi. Katibu na aandike kwa Kiswahili, asome kabla ya kikao kufungwa, na mama huyo apate nafasi ya kumsahihisha.