Theluji ya Bei Nafuu Ipo Bansko
Mwenye hamu ya kuteleza kwenye theluji huanza kuulizia Uswisi au Ufaransa, akiona bei anavunjika moyo, na likizo inaishia hapo. Ni hasara, maana Bulgaria ipo. Bansko, mji mdogo chini ya milima ya Pirin, kiasi cha kilomita 160 kusini mwa Sofia, una miteremko inayofika karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na bei zake ni za chini kabisa ukizilinganisha na za Alps. Unafuu huo huonekana vizuri zaidi mezani. Katika mehana, mikahawa ya kienyeji yenye kuta za mawe na moto wa kuni, familia hupakuliwa kapama, nyama na kabichi chachu vilivyoiva taratibu ndani ya chungu cha udongo, mvuke ukifuka, na baba hatetemeki bili ikiletwa. Kasoro ipo, nayo isifichwe: wengi hupanda mlimani kwa vibanda vya kwenye waya, na foleni ya asubuhi huwa ndefu kwelikweli. Dawa yake ni kudamka. Msafiri aepuke pia Februari, shule nyingi za Ulaya zinapofungwa na bei kupanda. Aende Januari, sikukuu zikishapita, na viatu na mbao za kutelezea akodi badala ya kununua. Tangu Januari 2025 Bulgaria imo kikamilifu katika eneo la Schengen, hivyo Mtanzania au Mkenya mwenye kibali cha kuishi Ujerumani haombi viza nyingine.