Moshi wa Matatu za Nyeri

Asafiriye kwa matatu kutoka Karatina hadi Nyeri hana budi kustahimili moshi, ilhali magari mengi hutoka Japani yakiwa na kichocheo cha kusafisha moshi chenye oksidi ya seriamu, maada iliyojaaliwa kuhifadhi oksijeni na kuitoa inapohitajika, hata monoksidi ya kaboni, sumu isiyo rangi wala harufu, ikageuzwa kaboni dioksidi; na chembe za oksidi hiyo zikisagwa ndogo mno, zikatiwa shaba au zirikoniamu, nguvu huzidi. Salfa, adui wa kichocheo, ilipunguzwa katika dizeli yetu tangu Januari 2015 hadi sehemu 50 kwa milioni. Basi kuking'oa kichocheo hicho kwa tamaa ya platini iliyomo ni dhuluma kwa wachuuzi wa kituoni, na wakaguzi wa magari wawajibike kuupima moshi wenyewe.